Gottfried Weber: mwanasheria wa Ujerumani aliyezipa kodi za muziki namba za Kirumi

Ukikaa karibu na bendi ya kanisani utaona kitu, kiongozi wa sifa ananyanyua kidole kimoja, halafu vinne, halafu vitano, na wa kinanda, wa gitaa na wa besi wote wanahama pamoja, hakuna aliyetaja jina la kodi (siyo ya serikali, ni nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) na hakuna aliyeuliza leo tuko kii gani, yaani wimbo umejengwa juu ya nota ipi. Moja, nne, tano, basi. Na anayesoma nadharia ya muziki kwa ajili ya mitihani ya ABRSM, ile bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, pale Nairobi au Kampala au popote, akifika gredi ya tano anakutana na wazo lile lile limevaa suti, yaani I, II, IV, V. Watu wengi wanadhani hizi namba zipo tangu enzi za Bach, yule mtunzi mkubwa wa Ujerumani. Hazipo tangu enzi za Bach. Bach alikufa 1750 na hakuwahi kuandika V chini ya kodi hata siku moja. Aliyezipanga zikawa mfumo kamili tunaoutumia mpaka leo ni Gottfried Weber, na kinachonivutia sana kwake ni kwamba hakuwa mwanamuziki wa kuajiriwa, alikuwa mwanasheria, akawa jaji, na muziki alijifundisha sehemu kubwa mwenyewe.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa jina maana wanachanganywa kila siku. Yule Weber wa opera, aliyeandika Der Freischütz, ni Carl Maria von Weber. Huyu ni Gottfried, hawana undugu wa damu, ila walikuwa marafiki wa kweli. Gottfried alizaliwa tarehe 1 Machi 1779 Freinsheim, kamji kadogo kwenye eneo la Palatinate si mbali na Mannheim, akasoma sheria Heidelberg na Göttingen, akafanya uwakili Mannheim. Mwaka 1810 Carl Maria alifika huko akiwa kijana aliyefukuzwa Württemberg, Gottfried akampokea, na mwaka huo huo wao wawili pamoja na mtunzi Meyerbeer wakaunda kachama ka siri, Harmonischer Verein, lengo likiwa kuandikiana mapitio ya kazi kwenye magazeti na kusukuma muziki mzuri usonge mbele. Baadaye Gottfried akawa jaji Mainz kuanzia 1814, kisha akahamia Darmstadt, na 1832 akapanda mpaka kuwa mwendesha mashtaka mkuu wa Hesse. Alikufa Kreuznach tarehe 21 Septemba 1839. Katikati ya kesi zote hizo aliandika misa, nyimbo nyingi zikiwemo za kuimbwa na gitaa, na pia Requiem, yaani misa ya wafu. Nyimbo zake leo huzisikii mara nyingi, na sidhani kama tumepoteza sana hapo. Hazina yake iko kwenye kitabu.

Kitabu chenyewe kilitoka Mainz kwa juzuu 3 kati ya 1817 na 1821, jina lake Versuch einer geordneten Theorie der Tonsetzkunst, kinahusu utunzi wa muziki na kujaribu kuupangia nadharia inayoeleweka. Ili uone alichofanya lazima ujue hali ilivyokuwa kabla yake.

Kabla yake mwanafunzi wa harmonia, yaani elimu ya kodi na jinsi zinavyofuatana, alifundishwa kwa besi yenye tarakimu. Unapewa mstari wa besi, juu ya nota kuna namba ndogo, 6, au 7, au 4 na 3, na hizo namba zinakwambia uhesabu nota ngapi kutoka besi kwenda juu halafu ubonyeze. Ni mfumo mzuri sana kwa vidole. Ukiona E kwenye besi na 6 juu yake unabonyeza E, G na C, umemaliza kazi. Ila namba hiyo haikwambii kitu kuhusu kodi hiyo inafanya nini kwenye wimbo, imetoka wapi, inataka kwenda wapi. Mfaransa Rameau, mtunzi na mwanadharia, mwaka 1722 alishasema jambo kubwa, kwamba E-G-C na C-E-G na G-C-E ni kodi moja iliyogeuzwageuzwa na mzizi wake ni C. Hiyo ilisaidia sana. Lakini Rameau na waliomfuata walitaka pia kuthibitisha kwamba harmonia yote inatoka kwenye fizikia ya sauti, kwenye jinsi waya unavyotetema na hesabu za uwiano wake, na hapo mambo yakawa mazito, kila mwenye kitabu kipya anakuja na hesabu zake na kila mmoja anadai maumbile yako upande wake.

Weber akaachana na hesabu hizo. Alisema wazi kwamba hajengi sayansi inayoanzia kwenye kanuni moja kuu halafu kila kitu kinadondoka kutoka hapo. Yeye anaanza na kinachosikika. Akakusanya kodi zinazotumika kweli kwenye muziki wa watunzi anaowaheshimu, akazipunguza mpaka zikabaki aina 7 za msingi: kodi za nota tatu ni aina 3, yaani meja (ile yenye sauti ya kuchangamka), maina (ile yenye sauti ya huzuni) na ile iliyopunguzwa (iliyobanwa zaidi), na kodi za nota nne, zilizoongezewa nota ya saba kuhesabu kutoka kwenye mzizi, ni aina 4. Kingine chochote unachosikia, alisema, ni moja ya hizo 7 imegeuzwa, imeongezewa, imepunguziwa nota, au kuna nota inapita tu njia.

Halafu ndiyo zikaja namba. Mwalimu mmoja maarufu wa wakati huo, Abbé Vogler, yule aliyewafundisha Carl Maria na Meyerbeer pale Darmstadt, alishaanza kutumia namba za Kirumi kuonyesha ngazi za skeli, yaani zile nota za kii zikipangwa kwa kupanda, kwa hiyo sitasema Weber alizitoa hewani. Alichofanya Weber ni kuzifanya ziseme mambo mengi kwa mpigo. Namba inakwambia kodi imejengwa juu ya ngazi ya ngapi ya skeli. Herufi kubwa inakwambia ni meja, herufi ndogo ni maina, kwa hiyo V si sawa na v, unaona kwa jicho tu. Kaduara kadogo pembeni, kama vii°, kanakwambia imepunguzwa. Ukiweka 7 unajua kuna nota ya saba. Mbele ya yote unaweka herufi ya kii yenyewe. Basi, kwa mstari mmoja chini ya wimbo unasoma wimbo mzima unavyotembea, na ukiupandisha kutoka C kwenda F hakuna namba hata moja inayobadilika, herufi ya mbele tu. Wanakwaya wanaosoma solfa wanalielewa hili haraka kuliko wanafunzi wengine wa muziki maana kwenye karatasi zao juu kabisa imeandikwa do ni nota gani, ukibadilisha hapo wimbo mzima unahama na maandishi ya chini yanabaki yale yale. Solfa inafanya hivyo kwa nota moja moja, Weber alifanya kwa kodi.

Sasa tufike kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ambayo walimu wengi wanairuka. Namba ya kodi haipo ndani ya kodi. Chukua C-E-G. Peke yake hiyo ni kodi ya C meja, sawa, lakini namba yake ni ngapi? Kwenye kii ya C ni I. Kwenye kii ya G ni IV. Kwenye kii ya F meja ni V, na kwenye F maina pia ni V. Kwenye E maina ni VI. Kwa hesabu ya Weber kodi moja ya meja ina makazi 5, nota ni zile zile tatu, hakuna kilichobadilika hewani. Ni kama mama mmoja mtaani, huyu anamwita mama, yule shangazi, yule wifi, mwingine mama mkwe, na wote wako sahihi, inategemea umesimama upande gani wa ukoo. Weber alilifanya jambo hili kuwa kiini cha nadharia yake nzima, kwamba sauti ina maana zaidi ya moja mpaka mazingira yaamue.

Na sasa angalia anavyoendelea, hapa ndipo unaona akili ya mtu aliyezoea kupima ushahidi. Chukua kodi ya G, yaani G-B-D. Nayo ina makazi 5: I kwenye G, IV kwenye D, V kwenye C meja, V kwenye C maina, VI kwenye B maina. Ongeza nota moja tu, F. Sasa una G-B-D-F. Makazi yamebaki 2, C meja na C maina, mengine yote yamefutika maana G, D na B maina zote zina F shapu (F iliyopandishwa nusu hatua), hazina F ya kawaida. Nota moja imekata mashaka kutoka 5 mpaka 2. Ndiyo maana mpiga kinanda akigusa ile ya tano yenye saba kanisa zima linajua wapi tunaenda hata kama hakuna aliyesoma nadharia, mwili wenyewe unasubiri ile moja. Wengi tunafundishwa kwamba V7 inarudi I, tunakariri, ila sababu ya hiyo nguvu hatuambiwi, na sehemu kubwa ya sababu ni hii hapa, ni kodi ambayo haina kwingine pa kwenda kirahisi.

Sikio nalo lina tabia zake, Weber alizieleza vizuri kupita wengi wa wakati wake. Likisikia sauti ya kwanza kabisa linachagua maelezo rahisi kuliko yote, yaani linadhani hapo ndipo nyumbani. Likishazoea kii fulani linakaa hapo, halitaki kuhama, kodi ngeni ikija linajaribu kwanza kuilazimisha iingie kwenye kii ile ile ya zamani, linahama pale tu linaposhindwa. Na hata likihama, kumbukumbu ya kii ya mwanzo inabaki kwa muda. Leo wapo wanasaikolojia wa muziki wanaofanya utafiti juu ya matarajio ya msikilizaji, na ukisoma kurasa za Weber unaona alishaanza kuuliza swali hilo zaidi ya miaka 200 iliyopita akiwa na kinanda na masikio yake tu.

Sasa ungetegemea jaji aandike sheria. Kodi hii marufuku kufuata ile, hii inaruhusiwa. Vitabu vya wakati huo vilijaa hayo. Weber alifanya kitu tofauti kabisa, alikaa akahesabu kodi moja inaweza kufuatwa na kodi nyingine kwa njia ngapi, kwa ngazi zote na kii zote, akapata zaidi ya elfu sita, halafu akasema haiwezekani mtu akatunga sheria moja ya jumla itakayozihukumu zote hizo. Nyingine zinavutia, nyingine zinaumiza sikio, nyingine zinaumiza zikiwa peke yake ila zikiwekwa mahali pake ni nzuri ajabu. Kwa hiyo mwamuzi wa mwisho ni sikio lililofundishwa, na kazi ya nadharia ni kueleza sikio linafanya nini. Mimi naona hapa alikuwa jasiri sana, maana mtu wa mahakamani ndiye aliyesema muziki hauna kifungu cha sheria cha kukimbilia.

Mtihani wake mkubwa ulikuwa Mozart, yule mtunzi wa Austria. Kuna kwateti ya nyuzi ya Mozart (ya fidla mbili, viola na selo) kwenye C meja, K. 465 kwenye orodha ya kazi zake, ya Januari 1785, moja ya zile 6 alizomtunukia mtunzi mwenzake Haydn. Inaanza na utangulizi wa polepole ambao uliwagombanisha watu kwa miaka, mpaka kwateti yenyewe ikabandikwa jina la Disonansi, yaani sauti zinazogongana. Mtunzi Muitaliano Sarti aliishambulia, mwanadharia Fétis wa kule Paris naye hakuikubali, wengine wakaitetea kwa nguvu. Kila upande ulileta sheria zake. Weber mwanzoni mwa miaka ya 1830 akaichukua, akaichambua nota kwa nota, na uchambuzi wake mpaka leo unahesabika kati ya mifano ya mwanzo kabisa ya kuusoma muziki kwa ukaribu namna hiyo.

Selo inaanza peke yake na C, inairudia rudia. Sikio linasema sawa, C, nyumbani, ila hatujajua ni meja au maina. Viola inaingia na A flati (A iliyoshushwa nusu hatua). Hapo mashaka yanaanza, inaweza kuwa A flati meja, inaweza kuwa F maina, inaweza kuwa bado tuko C maina na hii ni VI yake. Fidla ya pili inaingia na E flati. Sasa kodi imetimia, A flati, C, E flati, tunaijua ni kodi gani lakini namba yake bado haijulikani, I ya A flati au VI ya C maina au IV ya E flati, sikio linaegemea hapa na pale. Viola inashuka kwenda G. Na hapo hapo fidla ya kwanza inaingia juu na A ya kawaida, siyo flati, ile A flati tuliyotoka kuisikia bado iko masikioni na sasa A hii inaikanusha mbele ya watu. Weber anasimama kwenye kila hatua, anaorodhesha sikio linaweza kudhani nini, linaegemea wapi, linashtuliwa na nini. Anaonyesha ni kwa nini pale panauma, kwamba si kosa moja ukaligusa kwa kidole, ni mambo kadhaa yametokea kwa pamoja ambayo kila moja peke yake lingevumilika.

Halafu hukumu? Hakutoa. Baada ya kurasa zote hizo akasema nadharia haiwezi kutamka kwamba hili linaruhusiwa au haliruhusiwi. Akaongeza kwa uaminifu kwamba yeye binafsi sauti hizo hazimpendezi, na kwamba anajua ni nini anachokipenda kwa Mozart wake. Nimesoma wanadharia wengi wanaopindisha uchambuzi wao mpaka ukubaliane na kile walichokipenda tangu mwanzo. Huyu alitenganisha, hili ndilo linalotokea, na hili ni sikio langu.

Ingekuwa vizuri kama angekumbuka hilo kila mara, maana kwenye sakata la Requiem alisahau. Mozart alikufa tarehe 5 Desemba 1791 akiwa hajamaliza Requiem aliyoagizwa kwa kificho na Walsegg, kabaila mmoja wa Austria, mjane wake Constanze akahitaji imalizwe ili malipo yasipotee, kazi ikamaliziwa na mtunzi Süssmayr, na kwa miaka mingi ikauzwa na kuimbwa kama ya Mozart. Mwaka 1825 Weber, kupitia jarida lake la Cäcilia alilolianzisha 1824 na wachapishaji Schott wa Mainz, akauliza hadharani nani aliandika nini. Swali lilikuwa la haki kabisa. Tatizo ni kwamba badala ya kutegemea karatasi alitegemea sana ladha yake, akaona sehemu nyingine hazimfai Mozart, kwa mfano zile mbio za sauti kwenye Kyrie (sehemu ya misa ya kuomba Bwana ahurumie) zilimkera. Vienna ikawaka moto. Padre mmoja, Abbé Stadler, aliyemfahamu Mozart na kuziona karatasi za Requiem kwa macho yake, akatoa kitabu cha kujibu mwaka 1826. Mwaka 1838 nakala kamili iliyokabidhiwa kwa Walsegg ikafika maktaba ya kifalme ya Vienna, na leo picha inaonekana: mwanzo ni mkono wa Mozart, Kyrie kwa sehemu kubwa ni yake pamoja na mbio zake, katikati aliacha sauti za waimbaji na besi na vidokezo vya ala, sehemu ya Lacrimosa aliandika baa 8 tu, na sehemu za mwisho, Sanctus, Benedictus na Agnus Dei, hakuna karatasi ya mkono wake iliyopatikana. Kwa hiyo Weber alikuwa sahihi kwamba kuna mkono wa mtu mwingine humo ndani, ila sikio lake lilikosea mkono huo uko wapi. Sikio linaweza kukwambia kodi inaenda wapi, haliwezi kukwambia nani alishika kalamu.

Beethoven alikasirika, akamwandikia Stadler barua ya kumpongeza. Alikuwa na sababu yake pia, maana Weber alishaandika vibaya kuhusu ule muziki wake wa vita, Ushindi wa Wellington, na Beethoven pembeni ya ukurasa wa jarida alimjibu kwa tusi zito la chooni nisiloweza kulirudia hapa. Na huku Schott hao hao ndio walikuwa wanamchapia Simfoni ya Tisa.

Kuna kazi yake nyingine ndogo ambayo walimu wa kwaya wanaweza kuitumia hata kesho. Mälzel alipoanza kuuza metronomu, ile mashine ya kupiga mapigo ya kasi ya wimbo, Weber mwaka 1817 alichapisha maandishi kuonyesha kwamba mashine hiyo ya bei si lazima, inatosha uzi na kitu kizito kimefungwa mwishoni. Uzi ukiyumba, kasi yake inategemea urefu tu, uzito haujalishi, kwa hiyo mtunzi akiandika urefu wa uzi juu ya wimbo mtu yeyote popote atapata kasi ile ile. Kwa vipimo vyetu uzi wa sentimita 99 hivi, kuanzia unaponing'inia mpaka katikati ya kizito, unapiga mapigo 60 kwa dakika, ukipungua mpaka robo yake, yaani 25, unapata 120. Usiyumbishe kwa nguvu sana, ndogo ndogo inatosha.

Baada ya kifo chake Cäcilia lilisimama, Siegfried Dehn akalifufua 1842 likaendelea mpaka 1848. Namba zenyewe zilisafiri mbali zaidi. Kitabu kikatafsiriwa kwa Kiingereza na James Warner kikatoka Boston miaka ya 1840, na kule Leipzig Ernst Friedrich Richter akachukua namba za Weber akaziweka kwenye kitabu chake cha harmonia cha 1853, kifupi, cha mazoezi, kilichotumiwa na wanafunzi wa konsevatori, yaani chuo cha muziki, waliotoka nchi nyingi. Ni kupitia vitabu vya aina hiyo ndipo I, IV na V zilipoingia madarasani, ila kwa kufupishwa, namba zikabaki na maswali ya sikio yakaachwa nyuma kwenye kurasa za Weber. Anayefundisha harmonia leo anaweza kuyarudisha kirahisi tu: chukua ule mwanzo wa K. 465, simamisha baada ya kila nota mpya, na kila mwanafunzi aandike kodi anayoisikia inaweza kuwa namba ngapi na kwenye kii gani, kabla hujawapigia inayofuata.